Wamarekani na watu wa Ulaya kwenye meza moja: wenye uzoefu, naomba ushauri

Mama wa Dunga, Kisumu

Habari zenu wanajukwaa. Ninaendesha nyumba ndogo ya kulala wageni karibu na ufuo wa Dunga hapa Kisumu. Swali langu linahusu wageni ambao sisi wenyeji tumezoea kuwatia wote kapu moja na kuwaita wazungu, ilhali miongoni mwa Wamarekani wapo weusi kama mimi, na wale walio weupe wakikaa meza moja na wenzao wa Ulaya hawaelewani kama tunavyodhani.

Wamarekani wanaofika kwangu mara nyingi huwa njiani kwenda Kogelo kule Siaya, kwenye boma la ukoo wa Obama. Wajerumani na Waholanzi huja na darubini zao kutazama ndege wa mafunjo kwenye kinamasi cha Dunga. Chakula cha jioni huwa ni meza moja ndefu, kwa sababu nafasi ya meza nyingine sina.

Juzi Mmarekani mmoja, baada ya mazungumzo matamu juu ya ngege na ugali, aliwaambia mume na mke wa Kiholanzi kwamba lazima waje kumtembelea Ohio, nyumba yake ni nyumba yao. Yule mama wa Kiholanzi akatoa shajara mkobani, akavaa miwani, akauliza ni wiki gani ya mwezi wa Septemba ingewafaa wenyeji wake. Mmarekani akacheka kidogo, akainama, akaanza kuchambua miiba ya samaki ambaye alikuwa amekwisha kuliwa. Mama yule akaifunga shajara taratibu, na baadaye akanifuata jikoni kuniuliza kama amemkosea mtu.

Bili nayo ina mambo yake. Bei kwenye menyu yangu zinajumlisha kodi zote, lakini Wamarekani huuliza kila mara kama kuna kitu kitakachoongezwa, kisha humwachia mhudumu kiasi ambacho kwa hapa ni kikubwa. Mjerumani akiletewa bili ya shilingi 2,870 husema "elfu tatu", hulipa, na basi. Matokeo yake ni kwamba wasichana wangu wa mezani wameanza kuikimbilia meza upande wa Wamarekani na kuusahau upande mwingine, jambo linaloniudhi.

La mwisho ni sifa. Mmarekani huniambia kila kitu ni kizuri ajabu, kisha akifika kwao anaandika mtandaoni kwamba maji ya moto hayakutosha. Mjerumani huniambia asubuhi mbele ya wageni wote kwamba samaki alizidi chumvi na mlango unalia, halafu anaandika maneno mema kabisa. Nimwamini nani, na niwakalishe vipi pamoja bila watu kuudhiana?

Muuguzi wa Nyamira, sasa Minnesota

Salamu nyingi Mama. Nianze na pesa, kwa sababu hapo ndipo wahudumu wako wanapopotoshwa.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu mwaka 1991. Bakshishi isipofikisha kima cha chini cha kawaida, ambacho ni dola 7.25, mwajiri anatakiwa kujaza pengo, lakini tangu mwanzo mpango mzima umejengwa juu ya mfuko wa mteja. Kwa hiyo Mmarekani anayeacha asilimia 15 hadi 20 hajitapi kwa utajiri wake. Katika akili yake analipa sehemu ya mshahara wa binti aliyemhudumia, na akiondoka bila kuacha kitu hujiona kama mtu aliyekula akatoroka. Majimbo machache, Minnesota likiwa mojawapo, hayaruhusu ujira huo mdogo, na mhudumu hupata kima kamili cha jimbo. Hata hivyo watu wa huku wanaacha asilimia ile ile. Nami pia naiacha, ingawa nilipofika mara ya kwanza niliona ni kama kutozwa mara mbili.

Swali lao kuhusu kitu cha kuongezwa linatokana na kodi ya mauzo. Huku bei iliyobandikwa dukani au kwenye menyu si bei utakayolipa. Kodi huongezwa kwenye kaunta, na kiwango chake hubadilika jimbo kwa jimbo, hata mji kwa mji. Oregon hawana kodi hiyo kabisa. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo haamini namba iliyo kwenye karatasi mpaka aulize, na kuuliza kwake si kukushuku.

Kuhusu ule mwaliko, tafadhali usimwone yule bwana wa Ohio kuwa mwongo. Alichokuwa akisema ni kwamba amefurahia kuwa nao. Hata sisi tukiwa tunakula humwambia anayepita "karibu chakula" tukijua fika kwamba atajibu ameshiba, na hakuna anayetuita wanafiki. Tatizo ni kwamba Mholanzi hakulelewa na mchezo huo, na kwake mwaliko usio na tarehe haujawa mwaliko. Ingekuwa mimi, ningemwambia yule mama kwamba hakumkosea mtu, na kwamba akiandikiwa barua pepe yenye siku na saa, hapo ndipo atoe shajara.

Na sifa za Wamarekani zipime kwa kuuliza swali dogo na la moja kwa moja. Ukiuliza "mmefurahia?" utajibiwa ndiyo, kwa sababu kukwambia hapana usoni wanaona ni kukuaibisha nyumbani kwako. Uliza badala yake: "Jana usiku maji ya moto yalikatika mlipokuwa mkioga?" Hapo utaelezwa kila kitu, tena kwa shukrani.

Mkakamega aliyesoma Leipzig

Dada Muuguzi amelieleza vizuri la Marekani. Mimi nitausemea upande wa Ujerumani, ambako niliishi nikiwa mwanafunzi na kufanya kazi ya kuosha vyombo kwenye mkahawa, kwa hiyo bakshishi niliiona kutoka jikoni.

Mama, shilingi 130 juu ya 2,870 si ubahili. Kwao mhudumu analipwa na mwajiri, na mteja anayeridhika huikaza bili hadi namba kamili au huongeza kati ya asilimia 5 na 10. Tena hawaachi pesa mezani na kuondoka kama Wamarekani. Humtajia mhudumu jumla wanayotaka ikatwe, wakiwa wanaangaliana, na jambo linaishia pale. Ufaransa ni zaidi: tangu mwaka 1987 bei zinazobandikwa mkahawani lazima ziwe zimejumlisha huduma tayari, na sarafu chache zinazoachwa kwenye kisahani ni hisani tu. Wahudumu wako wakijua hili, na kila kinachoachwa kikitiwa kwenye chombo kimoja na kugawiwa wote mwisho wa wiki, mpishi akiwemo, mbio za kwenda upande mmoja wa meza zitakwisha zenyewe.

Sasa ule ukosoaji wa asubuhi. Kusini mwa Ujerumani wana msemo kwamba kutolaumiwa ni sifa tosha, na nadhani msemo huo unaeleza mengi. Mjerumani akikuambia mlango unalia, anakupa taarifa unayoweza kuifanyia kazi, na anatarajia utiwe mafuta. Hajakushusha hadhi. Ukimjibu kwa huzuni au kwa maelezo marefu atashangaa, ilhali ukimjibu "asante, fundi atakuja leo" atakuheshimu. Kinachotatiza ni kwamba anayasema hayo mezani, na Mmarekani anayesikia anakuonea huruma na kumwona mwenzake hana adabu, kisha anaanza kukusifu mara mbili zaidi ili kukuliwaza. Mjerumani naye, akisikia sifa zote hizo kwa samaki aliyezidi chumvi, anaanza kujiuliza kama Mmarekani huyu ni mtu wa kuaminika. Nimeshuhudia mzunguko huo mara nyingi kwenye bweni letu, na kila upande ulikuwa na nia njema kabisa.

Majina pia yanaudhi kimyakimya. Mmarekani wa miaka ishirini atamwita profesa mzee wa Kijerumani kwa jina lake la kwanza mara tu wanapopeana mikono, na atafanya hivyo kwa upendo. Ujerumani watu wazima wasiofahamiana hutumia jina la ukoo, na aliye mkubwa kwa umri ndiye hupendekeza waanze kuitana kwa ukaribu. Sisi tunaosema Mzee Wafula na Mama Akinyi hatuhitaji kufundishwa kwa nini yule profesa hununa, ingawa ninyi mtakaomhudumia mtamwona ananuna bila sababu.

Ukipokea vikundi vya vijana, kaa chonjo na pombe. Kwetu Kenya ni miaka 18. Ujerumani bia na divai zinaruhusiwa kuanzia miaka 16. Marekani sheria ya mwaka 1984 iliyashinikiza majimbo yote, kwa tishio la kukatiwa pesa za barabara, yaweke miaka 21. Kijana wa Kijerumani wa kujitolea mwenye miaka 19 ataagiza Tusker na kumwagizia pia rika lake kutoka Marekani, na mwalimu aliyewaleta Wamarekani atakuja kukufokea wewe. Sheria ya hapa inakulinda, lakini masharti ya chuo chake yanaweza kuwa mengine, hivyo muulize siku wanapofika.

Na vyumba, kwa ufupi: Mjerumani na mkewe hulala kitanda kimoja lakini kila mtu na duveti lake, na duveti moja kubwa wanaliona kama mwanzo wa vita vya usiku. Mmarekani hutafuta shuka ya pili kati ya mwili na blanketi. Mmarekani atataka kiyoyozi na madirisha yafungwe. Mjerumani atafungua dirisha hata kukiwa na baridi, kwa kuwa anaamini hewa ya chumba lazima ibadilishwe. Kwa mbu wa Dunga, weka nyavu madirishani kabla hajafika.

Dereva wa Nakuru

Nimewasoma wote kwa makini, lakini naona Ulaya inazungumzwa hapa kama vile ni Ujerumani iliyonyooshwa. Mimi huwapeleka wageni Ziwa Nakuru na Menengai, na katika gari langu Mwingereza na Mjerumani hutofautiana kuliko Mjerumani na Mmarekani.

Mwingereza ukimkanyaga yeye ndiye huomba radhi. Akisema chakula "si kibaya" inawezekana amekipenda mno, na akisema wazo lako "linavutia" inawezekana amekwisha kulikataa. Mjerumani hulichukua neno jinsi lilivyo, Mmarekani huona ametukanwa, na mimi dereva ndiye ninayebaki kufasiri watu ambao kwa lugha wanaelewana. Mfaransa naye usimwombe kitu kabla ya kumsalimu. Kwao kuingia dukani bila salamu ni utovu wa adabu, na mara nyingi nimemwona Mmarekani mwenye tabasamu pana akiuliza swali lake moja kwa moja na kujibiwa kwa baridi, asijue kosa lake ni nini. Hapo Mfaransa na bibi yangu wa Subukia wangeelewana bila mkalimani.

Saa za kula zitakusumbua zaidi ya hayo yote. Mmarekani mwenye watoto yuko tayari kwa chakula cha jioni saa kumi na mbili. Mhispania kwa saa hiyo hajafikiria hata supu. Kwao saa tatu au saa nne usiku ndiyo saa ya kula. Meza moja ndefu haitawaweza hawa wawili.

Tarehe ziandike kwa maneno. Mmarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 5/8 kwake ni tarehe 8 Mei, na kwa Mfaransa, kama kwetu, ni tarehe 5 Agosti. Ikipita 12 utagundua. Ikiwa chini ya hapo hakuna kitakachokuonya mpaka mgeni asimame langoni na mzigo. Saa ni hivyo hivyo. Watu wa bara la Ulaya wamezoea kuandika 18:00 kwa jioni, hivyo ukiwaandikia 6:00 bila maelezo wataamka alfajiri. Mmarekani atataka kujua ni asubuhi au jioni. Na lango la hifadhi ya Nakuru likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, hiyo saa kumi na mbili usiwatajie kabisa, wala msaidizi wako asiwatajie, kwa sababu hapo wote wanaungana kutokuelewa.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ndilo linaloeleza kwa nini Mmarekani anaonekana ana haraka. Sheria ya serikali kuu ya Marekani haimlazimishi mwajiri kumpa mfanyakazi hata siku moja ya likizo yenye malipo. Anachopata ni cha makubaliano na kampuni. Nchi za Umoja wa Ulaya zimefungwa na sheria inayotaka angalau wiki nne kwa mwaka, na Wafaransa wana tano. Ndiyo maana Mmarekani anataka Kisumu, Kogelo na Maasai Mara ndani ya wiki moja, na Mholanzi anakaa siku nzima kwenye mafunjo akimsubiri ndege mmoja atoke. Wakikutana kifungua kinywa, mmoja anamwona mwenzake mvivu, naye anaonekana mtu anayefukuzwa na simba.

Mwisho, soketi. Umeme wetu ni volti 240, Ulaya ni 230, Marekani ni 120. Mgeni wa Ulaya anahitaji adapta ya plagi tu. Mmarekani akileta kikaushia nywele cha kwao kisichobeba volti mbili na kukichomeka kwa adapta hiyo hiyo, kitanuka moshi kabla nywele hazijakauka, na adapta haitasaidia kitu. Nunua kimoja cha hapa ukiweke chumbani. Ni rahisi kuliko kueleza.

Mwalimu, Maseno

Ndugu Dereva ana haki kuikataa Ulaya ya aina moja, ingawa namkumbusha kwamba Marekani nayo si moja. Mtu wa New York na mtu wa mashambani Kusini hawasalimiani kwa namna moja, na Wamarekani weusi wanaokwenda Kogelo huja na matarajio ambayo hayamo katika maelezo yoyote hapo juu. Wengi wao wanatarajia kupokelewa kama watoto waliorudi, na kuitwa mzungu na watoto wa njiani, jambo ambalo hutokea, huwaumiza kuliko maji baridi.

Kuhusu mwaliko wa Ohio, napenda kuongeza jina moja. Kurt Lewin, mwanasaikolojia Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyehamia Marekani mwaka 1933, alichapisha mwaka 1936 makala iliyolinganisha jamii hizo mbili kwa jambo hili hasa. Aliona kwamba Mmarekani humfungulia mgeni milango mingi ya nje kwa urahisi, akamweleza habari za familia na kazi yake siku ya kwanza, lakini chumba cha ndani kabisa hubaki kimefungwa hata kwa marafiki wa miaka. Mjerumani huufunga mlango wa mbele. Anayeufunguliwa, hata hivyo, hukuta amekwisha kufika ndani sana. Kwa mtazamo huo Mholanzi aliposikia "nyumba yangu ni yenu" alidhani ameonyeshwa chumba cha ndani, ilhali alikuwa bado yuko barazani. Ni makala ya zamani, na watu wamebadilika, lakini kwa meza yako Mama sijaona maelezo bora.

Mama wa Dunga, Kisumu

Nawashukuru sana nyote. Chombo cha bakshishi nimekwisha kukiweka kwenye kaunta na wasichana wamekubali kugawana, ingawa mmoja amenuna. Chakula kitatolewa kwa zamu mbili. Tarehe nitaziandika kwa maneno. Yule mama wa Kiholanzi nimemweleza habari za "karibu chakula" na akacheka sana, kisha akaniuliza kama na mimi nilipomkaribisha arudi mwakani nilikuwa namaanisha. Nimemwambia namaanisha, na nimeandika tarehe.

Ila leo limezuka jingine. Mgeni wa Texas ameyakataa mayai kwa sababu ameyaona kwenye rafu ya jikoni na si kwenye friji. Mjerumani aliyekuwa kando akamwambia kwamba hata kwao dukani mayai hukaa rafuni, na wakabishana mpaka chai ikapoa. Nani mwenye haki?

Muuguzi wa Nyamira, sasa Minnesota

Wote wawili, Mama, kila mmoja kwa mayai ya kwao. Marekani mayai ya kiwandani huoshwa kabla ya kuuzwa, na kuosha huondoa utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda, hivyo lazima yakae kwenye baridi mfululizo. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauruhusu mayai ya daraja la kwanza kuoshwa. Utando unabaki, nayo huuzwa rafuni. Mayai yako ya kienyeji yasiyooshwa ni ya namna hiyo ya pili, yakiwa mabichi na yasiyo na nyufa. Lakini mgeni wa Texas hutamshawishi kwa maelezo ya ganda akiwa na njaa. Weka trei moja kwenye friji, mahali atakapoiona mlango ukifunguliwa.